Msaidizi wa Mhariri: Kuna Utamu Gani Kubeba Diski za Wenzako?

Asalaam aleikum, wahariri wa safu,

Mimi ni binti wa miaka 24, mkaazi wa Langoni hapa Amu (Lamu). Kwa miaka minne nimekuwa nikipiga na kuhariri video za harusi, upande wa wanawake. Huku kwetu kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanamume, kwa hivyo msimu wa harusi ukifika silali. Napiga mwenyewe, nakata mwenyewe, naweka muziki, namkabidhi bibi harusi video yake, imekwisha.

Mwezi uliopita niliitwa na watu wa Malindi wanaotengeneza mfululizo wa televisheni wa vipindi 13 kuhusu maisha ya Pwani, kila kipindi nusu saa. Wanataka msaidizi wa mhariri kwa miezi sita. Wameniambia wazi kwamba sitakata vipindi, mhariri yuko. Kazi yangu itakuwa kupokea kadi za kamera, kunakili, kupanga, kuoanisha sauti na picha, na kuandika yaliyosemwa, kwa sababu mahojiano mengi yatakuwa ya Kiamu na Kibajuni, lahaja zetu za huku.

Ami yangu, ambaye ndiye aliyeninunulia kompyuta, hakupendezwa. Asema, "Hapa wewe ni mwenye kazi. Huko watakutuma kama mtoto wa dukani, na jina lako litaandikwa mwisho kabisa, watu wakiwa washazima televisheni." Mama hakusema kitu, lakini namwona hana raha. Nami sasa nimeingiwa na shaka.

Naomba mnijibu kwa ukweli. Kazi hii ina utamu wowote ndani yake, au ni kubeba diski za wenzako? Na nikienda, nitafanya nini hasa siku kwa siku, na ni wapi watu hukosea?

Binti wa Langoni, Lamu

*

Waaleikum salaam, mwanetu.

Tuanze na ami yako, maana amesema kwa mapenzi na anastahili jibu la wazi. Neno "msaidizi" ndilo linalopotosha. Katika chumba cha uhariri, mara nyingi msaidizi ndiye mtu pekee katika timu nzima anayeitazama picha yote iliyopigwa. Mwongozaji anakumbuka alichokitaka. Mpigapicha anakumbuka alichokiona kwenye kioo cha kamera yake. Mhariri, kwa kuwa siku zimembana, huanza na kile alichowekewa mbele. Wewe ndiye utakayejua kilichomo.

Fanya hesabu. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, hubaki na dakika 24 hivi. Timu ikipiga saa 40 kwa kipindi hicho, na kwa vipindi vya maisha halisi hilo si ajabu, basi kila dakika moja itakayokwenda hewani ina dakika 100 nyuma yake. Dakika 99 zinabaki nje. Mhariri akikwama, anayejua ndani ya hizo 99 kuna nini ndiye anayekiokoa kipindi. Utamu wa kazi uko hapo. Lakini hauji wenyewe, unatengenezwa tangu dakika ya kwanza kadi inapotua mkononi mwako, kwa hivyo turuhusu tukupitishe kazi yenyewe.

Kadi inapokufikia ina kitu ambacho hakipo popote pengine. Maulidi ya mwaka huu hayarudiwi kwa sababu diski iligoma. Kanuni basi ni moja: kadi haifutwi mpaka kuwe na nakala mbili, katika diski mbili tofauti, zimehakikiwa, na wewe mwenyewe umezifungua ukatazama. Kuhakikiwa si kuona mstari wa kunakili umefika mwisho. Tumia programu inayokokotoa namba ya kila faili kwenye kadi, ikakokotoa tena kwenye diski, kisha ikalinganisha. Baiti moja ikipotea njiani, namba zinakataana. Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve, hata lile toleo la bure, ina sehemu ya kunakili kadi kwa njia hiyo.

Hili lina muda wake. Kadi ya gigabaiti 128 iliyojaa, ikisomwa kwa megabaiti 90 kwa sekunde, huchukua kama dakika 24 kunakiliwa, na uhakiki huchukua karibu muda uo huo tena. Mpigapicha atakusimamia mlangoni akitaka kadi yake. Mwambie dakika 50, tena mwambie kwa heshima, lakini usimpunguzie. Kadi ikitoka kwenye kamera ibandikwe utepe mwekundu. Nakala mbili zikithibitika, wewe na wewe peke yako ndiye unayebandua mwekundu na kubandika kijani. Yenye mwekundu hairudi kwenye kamera hata mwongozaji akiiomba. Na kufuta kufanyike ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta, ili kadi ipangwe vile kamera inavyotaka.

Nakili kadi nzima pamoja na folda zake zote, hata zile zinazoonekana tupu. Anayetoka harusini amezoea kuchukua faili za video tu na kuziacha nyingine, na kwa klipu fupi haoni tatizo. Mahojiano ni marefu. Kamera kadhaa huigawa klipu ndefu vipande vya gigabaiti 4, na taarifa za kuviunga zimo katika faili ndogo ndogo za pembeni. Ukiziacha, mahojiano ya dakika 50 huenda yakawa na mkatiko wa fremu chache (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video) na mlio kila kipande kinapokutana na kingine, na mara nyingi mlio huo huangukia katikati ya neno.

Halafu fungua kila klipu uitazame mwanzo, katikati na mwisho, sekunde kumi kumi, umevaa hedifoni. Usiruke. Hapo ndipo utakaposikia kwamba maiki ya kifuani ilikufa betri mzee alipoanza kueleza jambo lenyewe, au kwamba lenzi ilipata tone la maji ya bahari kwenye boti. Ukipiga simu wakati timu bado iko Matondoni na mzee bado yuko barazani, wanampiga tena kwa dakika kumi. Ukipiga kesho yake, wako mbali, Kiunga. Simu kama hiyo haiandikwi popote kwenye majina ya mwisho, lakini mwongozaji haisahau.

Amu ina mambo yake pia. Hewa ya chumvi hula vishikizo vya kadi na nyaya, kwa hivyo weka vitu kwenye sanduku lisilopitisha hewa, na ndani yake vile vifuko vya punje zinazonyonya unyevu. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, hatari si picha kuungua. Hatari ni orodha ya faili kuharibika, hasa kwenye diski zilizopangwa kwa mfumo wa exFAT, ambazo ndizo watu hupenda kwa kuwa zinaandikika kwenye Windows na Mac. Mfumo huo hauna kumbukumbu ya kujirekebisha. Kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba ya kuishikilia angalau dakika 10, uisimamishe kazi na kuchomoa diski kwa utaratibu.

Watakuuliza kwa nini usitume kila kitu kwa intaneti. Wajibu kwa hesabu. Kamera mbili zinazorekodi megabiti 100 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), kila moja saa tatu kwa siku, zinatoa gigabaiti 270. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, hizo ni saa 60, yaani siku mbili na nusu kwa kazi ya siku moja. Kinachowezekana ni kutuma nakala nyepesi, zile ziitwazo proksi. Ukizitengeneza kwa megabiti 10, siku nzima inakuwa gigabaiti 27 na inapanda kwa saa sita, umeweka usiku umelala. Picha za asili zisafiri kwa diski. Na hapa tunakusihi: diski mbili za siku moja zisipande boti moja kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, wala basi moja kwenda Malindi. Ya pili ingoje mpaka ya kwanza imefika, imefunguliwa na imesomeka.

Majina ya folda ni jambo dogo linaloumiza watu wazima. Chagua mtindo mmoja na usiubadilishe, kwa mfano E03_0612_KA_01, yaani kipindi cha tatu, tarehe 12 mwezi wa sita, kamera A, kadi ya kwanza. Faili zenyewe zilizo ndani usizibadilishe jina kamwe, maana siku ya kurudisha picha za asili badala ya proksi, programu huzitafuta kwa jina lile lile na kwa taimukodi, yaani saa, dakika, sekunde na fremu iliyoandikwa ndani ya picha. Usiache nafasi kati ya maneno, na usitumie kiapostrofi. Kwa lugha yetu hilo ni mtego wa kila siku: folda ikiitwa NG'OMBE huweza kufunguka vizuri kwako na kugoma kwenye mashine ya fundi wa rangi, yule anayesawazisha rangi za picha. Andika NGOMBE, yatosha.

Kuna mtego mwingine ambao mtu wa mbali hawezi hata kuuwazia, nao ni saa na siku zetu. Msaidizi wa uwanjani ataandika daftarini "saa 3 asubuhi", na kamera imeandika 09. Lazimisheni wote waandike saa ya kamera. Na pale daftari litakaposema "usiku wa Ijumaa", kwetu huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, lakini kamera imeandika tarehe ya Alhamisi. Mhariri aliyekulia bara atautafuta uradi uliopigwa usiku huo katika folda ya Ijumaa usiku, aukose, na mtu aseme haukupigwa. Wewe unajua. Weka tarehe ya kamera kwenye jina la folda, na maneno ya watu kwenye maelezo.

Sauti sasa. Kipindi cha namna hii hurekodi sauti kwenye kinasa tofauti, na kuioanisha na picha ni kazi yako. Fremu 25 kwa sekunde ndio mwendo wa televisheni yetu, kwa hivyo fremu moja ni milisekunde 40, na sikio huanza kuudhika kwa fremu mbili tu. Palipogongwa kibao, kile cha mbao mbili kinachogongwa mbele ya kamera, tafuta fremu ya kwanza ambayo mbao zimeshafumbana, iweke sawa na ncha ya mlio. Pasipogongwa, programu hulinganisha sauti ya kamera na ya kinasa, na kwa kawaida inapatia. Itakosea ufukoni Shela wakati wa kusi, kwa sababu kamera imesikia upepo mtupu. Waombe wapige kofi moja mbele ya lenzi kila wanapoanza, na kama wamesahau mwanzoni, wapige mwishoni.

Usikague mwanzo peke yake. Saa ya kamera na saa ya kinasa haziendi sawasawa kabisa, na mahojiano ya saa nzima huweza kuanza vizuri na kumalizika yamepishana fremu kadhaa. Nenda mwisho, tazama midomo kwenye herufi za b, p na m, pale inapofumba. Ikipishana, kata sauti kwenye kimya kati ya jibu na swali, uisogeze, uendelee. Video za simu ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu simu nyingi hazina mwendo mmoja wa fremu, hupanda na kushuka. Zibadilishe kwanza ziwe fremu 25 thabiti kabla hazijaingia kwenye mradi. Droni nayo mara nyingi huja na fremu 30, kwa kuwa hakuna aliyebadilisha mpangilio. Jahazi na bahari unaweza kuvipunguza mwendo hadi asilimia 83 hivi na hakuna atakayejua. Watu wanaotembea wataonekana wazito, na punda ataonekana mgonjwa. Mpigie simu mpigapicha mapema, abadilishe.

Mpaka hapa ami yako anaweza kusema, "Ehee, si nilisema, kubeba diski?" Basi msomee hili linalofuata.

Mahojiano ya Kiamu. Mzee anasimulia jinsi alivyopokewa na fundi wake: "Akanambia, ndoo, kaa tini, kisha akateka." Mwamu amesikia: njoo, kaa chini, kisha akacheka. Asiyekijua Kiamu amesikia ndoo, amesikia kuteka, na kwake hii tayari ni habari ya kisima na maji. Hatauliza hata, kwa sababu maana aliyoipata inaingia akilini. Ataandika manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, kipindi kitakwenda hewani, na Amu nzima itamwona mzee wao akisimulia jambo ambalo hakulisema. Hakuna programu ya kompyuta ya kumzuia. Unayemzuia ni wewe, uliyekaa na hedifoni.

Kwa hivyo andika hivi. Safu ya kwanza taimukodi, kwa kila sentensi na si kwa kila dakika, maana mhariri hukata kwenye sentensi. Safu ya pili maneno yake hasa, kwa Kiamu chake, usiyasanifishe. Ya tatu Kiswahili sanifu. Ya nne, ambayo wengi huiacha na ndiyo yenye thamani kuliko zote, namna alivyosema na alichofanya. Saa moja ya mahojiano kwa utaratibu huu itakula saa nne hadi sita za kazi, uwaambie mapema wapange ratiba. Kibajuni kikikushinda mahali, acha pengo, uweke alama nyekundu na umtafute Mbajuni. Usikisie.

Tuikaribie hiyo safu ya nne. Tuseme fundi anakalafati jahazi, anasukuma pamba kwenye upenyo wa mbao kwa patasi na nyundo, huku akijibu maswali. Mwongozaji amuulize kama kuna mwanawe aliyeishika kazi. Nyundo inasimama. Anaitazama mbao, anapitisha kidole gumba juu ya pamba, hasemi kitu. Kisha anagonga tena na kusema, "Wako Mombasa." Katika orodha ya kawaida hapo pataandikwa "Wako Mombasa", basi. Wewe andika: *nyundo inasimama, kidole kwenye pamba, sekunde 7 kimya, anagonga tena kabla ya kujibu.*

Majuma sita baadaye mhariri amekaa na kipindi kimejaa maneno, kila mtu anasema, hakuna pumzi. Anageuka kukuuliza, "Tuna mahali popote mzee ananyamaza?" Na wewe, bila kufungua daftari, unamwambia kadi ya pili, kamera B, baada ya swali la watoto. Anaiweka. Kipindi chote kinabadilika, na wote mliomo chumbani mnaliona. Kama umewahi kulipenda jambo kwa ndani, mwanetu, utalijua hilo likikutokea. Hatujui namna bora ya kukueleza kwa nini watu hubaki katika kazi hii.

Mhariri akishamaliza na picha kufungwa, yaani mikato haibadilishwi tena, kuna kazi ya siku chache yenye masharti makali. Fundi wa sauti anataka kila maiki kwenye njia yake, na ziada ya sekunde 2, yaani fremu 50, kila upande wa mkato, ili apate pa kulainisha. Kipindi kikianza kwenye taimukodi 10:00:00:00, weka mlio wa fremu moja kwenye 09:59:58:00, wote walinganishe hapo. Rudisha picha za asili mahali pa proksi, uziweke ubavuni mwa video ya mhariri na kuzitazama mkato kwa mkato, hasa palipopunguzwa au kuongezwa mwendo, ndipo panapohama. Manukuu yasizidi mistari miwili, herufi 40 hivi kwa mstari, na kama herufi 17 kwa sekunde. Kiswahili chetu kina maneno marefu, kwa hivyo utalazimika kufupisha sentensi, na ufupisho wa mtu anayeijua lugha ni tofauti kabisa na wa asiyeijua. Majina ya watu yaulizwe kwao wenyewe namna yanavyoandikwa. Kwa kiwango cha sauti soma masharti ya kituo, usibahatishe. Kipimo kinachotajwa sana ni LUFS 23 chini ya sifuri, LUFS ikiwa ni kizio cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Mwisho kitazameni kipindi chote mara moja bila kusimamisha, mkitafuta fremu moja nyeusi iliyosahaulika kati ya picha mbili. Kama kituo kimekipanga kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, kanuni za utangazaji za Kenya zinataka kifae familia nzima, basi ukiona kitu kisichofaa, sema sasa.

Hatutakuficha upande mgumu. Kadi huja jioni, kwa hivyo utafanya kazi usiku wakati wengine wamelala. Ukifanya vizuri hakuna atakayegundua, na ukikosea wote watajua. Jina lako litakuja mwisho, hapo ami yako amesema kweli. Na kuna jambo lililobadilika ambalo ni lazima ulipiganie. Zamani za filamu, msaidizi alikaa chumba kimoja na mhariri, akishika vipande na kuvitundika, na alijifunza kwa kumtazama tu. Tangu uhariri uhamie kwenye kompyuta, mfumo wa Avid wa kuhariri kwa kompyuta ukiwa umezinduliwa 1989, mara nyingi mashine ya msaidizi huwekwa chumba kingine na zamu yake huwa usiku. Mtu anaweza kumaliza miezi sita bila kumwona mhariri akiamua jambo. Hapo kweli utakuwa umebeba diski.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, omba haya yaandikwe. Kwamba utakaa na mhariri angalau nusu siku mbili kwa juma akikata. Kwamba katika kila kipindi utapewa onyesho moja ulipange wewe kwanza, hata kama atalivunja lote. Jina lako litakavyoandikwa na litakavyotokea. Saa za zamu, na malipo ya usiku yanapozidi. Nani ananunua diski, maana tumeona vijana wakidaiwa walete zao, na diski ikifa lawama ni yao. Pia uulize fomu za ridhaa za wanaohojiwa zinahifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na msaidizi huweza kuulizwa fomu inapotafutwa.

Onyesho hilo moja lifanyie hivi. Nakili taimulaini, ule mstari wa programu unaopangwa klipu, panga kwa namna yako, ihifadhi. Mhariri akimaliza la kwake, weka zote mbili ubavu kwa ubavu ukahesabu. Yeye ameingia fremu ngapi baada yako? Amemwachia nani neno la mwisho? Wapi ametumia uso wa msikilizaji badala ya msemaji? Harusi zimekufundisha kufuata tukio linavyokwenda, kwanza hina, kisha kupambwa, kisha kutolewa nje. Kipindi hakifuati tukio, kinafuata wazo, na utaiona tofauti hiyo kwenye fremu zenyewe kuliko kwenye kitabu chochote. Kwa vipindi 13 utakuwa umelinganisha mara 13. Ukirudi Amu, hata harusi zako hazitakatwa tena kama zamani.

Kwa maoni yetu, nenda. Miezi sita si mingi, na harusi zitakungoja. Lile la kuwa mwenye kazi, mwambie ami yako kwamba siku utakayotaka kutengeneza kipindi chako mwenyewe, hakuna atakayekudanganya ni diski ngapi, siku ngapi, wala kazi ya nani imekwama wapi.

Jambo la mwisho, na usilichelewe. Video za harusi ulizonazo ni amana za wanawake wa watu, walizokupa kwa sababu ni wewe. Kabla hujapanda boti, ziondoe zote kwenye kompyuta utakayoibeba Malindi, uzihamishie kwenye diski mbili zilizofungwa kwa neno la siri, moja kwa mama yako, moja mahali pengine unapopaamini. Kisha usafishe hata ile folda ya faili za muda ambayo programu ya uhariri hujitengenezea, maana vipande vya picha hubaki humo watu wakidhani wamefuta.